Jinsi ya Kukadiria Gesi Iliyomo Kwenye Mtego: Mwongozo Kamili kwa Mfano wa Bonde la Pwani ya Tanzania

Makadirio mengi ya wanafunzi wa jiolojia niliyoyapitia yana sura moja. Fomula imeandikwa vizuri, kikokotoo hakina kosa, lakini jibu limezidi mara mbili au tatu, au limepungua hadi robo ya lile linalostahili. Ukifuatilia unakuta tatizo liko kwenye mwamba: mtego, yaani umbo la miamba linaloizuia gesi isipande juu, umepimwa kama boksi, udongo umehesabiwa kuwa mchanga, au gesi imechukuliwa kana kwamba inakaa ardhini kama maji yanavyokaa ndooni.

Mwongozo huu unakuchukua kutoka kwenye ramani hadi kwenye namba. Mtego nitakaoutumia nimeubuni kwa ajili ya somo, ila nimeuweka katika mazingira ya kweli ya pwani ya kusini mwa Tanzania. Huko gesi imelala kwenye miamba ya rika tofauti. Songo Songo iko kwenye mawe ya mchanga ya Kretasia ya Awali, na Mnazi Bay iko kwenye mchanga wenye umri mdogo zaidi, wa Oligosini na Miosini, ulioletwa na mto Ruvuma wa kale. Kwenye kina kirefu cha bahari iko kwenye mchanga uliomwagwa na mikondo ya matope sakafuni mwa bahari, kuanzia Kretasia na kuendelea.

## Vitu vya kuandaa

- Ramani ya kontua ya juu ya mwamba hifadhi (mwamba wenye vitundu unaobeba gesi), kwa mita za kina, si kwa milisekunde.
- Ramani ya chini ya mwamba huohuo, au angalau unene wake.
- Logi za kisima, yaani rekodi za vipimo vilivyochukuliwa kisimani kina kwa kina: miale ya gama, ukinzani wa umeme, densiti na nyutroni.
- Vipimo vya mgandamizo vilivyochukuliwa kwenye kina mbalimbali ndani ya kisima.
- Joto la chini ya kisima, pamoja na kina cha maji kama kisima kiko baharini.
- Uchambuzi wa sampuli ya gesi.
- Karatasi ya grafu au planimita (kifaa cha kupima eneo kwenye ramani), na jedwali la kompyuta.

Ukikosa kimoja bado unaweza kuendelea, mradi uandike wazi ulichokisia. Ramani ya kina ndiyo isiyo na mbadala. Data za mitetemo (mawimbi yanayotumwa ardhini na kurudi) hutoka zikiwa kipimo cha muda ambao wimbi limesafiri, si cha kina, na mwamba wenye gesi hupunguza kasi ya wimbi, kwa hiyo tabaka lililo chini ya gesi huonekana limezama kuliko lilivyo. Aliyepima mtego kwenye ramani ya muda amepima kivuli chake.

## Fomula tutakayoijaza

Gesi iliyomo = ujazo wa mwamba × sehemu ya mchanga unaofaa × uwazi × (1 − maji) ÷ Bg

Uwazi ni sehemu ya mwamba iliyo vitundu, na maji ni sehemu ya vitundu hivyo iliyojaa maji. Bg ni uwiano wa nafasi ambayo gesi inachukua kule chini na nafasi itakayochukua ikifika juu. Jibu lake ndilo ripoti huliandika GIIP, yaani gesi yote iliyomo kabla hata ya kutoa mita moja ya ujazo.

## Hatua ya 1: Tafuta mpaka wa gesi na maji

Anzia hapa, kwa sababu hatua inayofuata yote inategemea mstari huu. Gesi ni nyepesi, hivyo hukaa juu na maji chini, na mpaka wao mara nyingi ni bapa.

Njia ninayoiamini kuliko zote ni ya mgandamizo. Chora grafu ya mgandamizo dhidi ya kina. Ndani ya maji ya chumvi mgandamizo hupanda karibu megapaskali 1 kwa kila mita 100. Ndani ya gesi kavu, kwenye kina cha mfano wetu, hupanda takriban megapaskali 0.11 tu kwa umbali huohuo. Utapata mistari miwili yenye mielekeo tofauti kabisa, na pale inapokatana ndipo ulipo mpaka. Kwenye mtego wetu inakatana mita 1,900 chini ya usawa wa bahari.

Tahadhari. Kisima kinaweza kuishia ndani ya gesi, au kikapita kutoka mchanga wenye gesi moja kwa moja hadi kwenye udongo mfinyanzi. Hapo hujauona mpaka. Umeona tu kwamba gesi inafika angalau hapo. Tumia kina hicho kuwa kadirio la chini, kisha kwa kadirio la juu tumia kina cha mdomo wa mtego, yaani mahali ambapo gesi ikijaa zaidi inamwagikia pembeni. Kosa linalorudiwa ni kuchagua mdomo wa mtego na kuuita mpaka bila ushahidi wowote kwamba mtego umejaa.

Umefaulu kama: una kina kimoja chenye ushahidi, au vina viwili na sababu ya kila kimoja.

## Hatua ya 2: Pima ujazo wa mwamba

Hapa ndipo namba nyingi zinapoharibika, kwa hiyo twende polepole.

Fikiria kawa linalofunika sinia. Chini ni pana, juu limechongoka. Ukitaka kujua hewa iliyo ndani ya kawa, hutazidisha upana wa chini kwa kimo, maana utakuwa umepima pipa. Mtego uliopinda kuelekea juu una umbo la kawa.

Kwenye mtego wetu kilele kiko mita 1,800 na mpaka uko mita 1,900. Pima eneo lililozungushiwa na kila kontua ya juu ya mwamba hifadhi:

| Kina (m) | Eneo (km²) |
|---|---|
| 1,800 | 0 |
| 1,825 | 3 |
| 1,850 | 7.5 |
| 1,875 | 13 |
| 1,900 | 20 |

Kati ya kontua na kontua chukua wastani wa maeneo mawili, zidisha kwa mita 25, kisha jumlisha. Wastani wa vipande vinne ni 1.5, 5.25, 10.25 na 16.5, jumla 33.5. Ukizidisha kwa 25 unapata 837.5. Kilomita ya mraba moja mara mita moja ni mita za ujazo milioni moja, kwa hiyo ujazo ni milioni 837.5.

Aliyezidisha 20 kwa 100 amepata milioni 2,000. Mwamba mwingine wote huo haupo.

Bado hatujamaliza. Mwamba hifadhi wetu una unene wa mita 60, wakati kimo cha gesi ni mita 100. Maana yake katikati ya mtego, chini ya kilele, mchanga unaisha kabla ya kufika mpaka wa maji na chini yake kuna udongo. Sehemu hiyo lazima iondolewe. Ikiwa chini ya mwamba inafuata umbo la juu kwa tofauti ya mita 60, ujazo wa kuondoa ni sawa na ule ulio juu ya kontua ya mita 1,840. Eneo la kontua hiyo, kwa kukadiria kati ya 1,825 na 1,850, ni kilomita za mraba 5.7. Ujazo wake ni 37.5 + 65.25, karibu milioni 103.

Kilichobaki ni takriban mita za ujazo milioni 735.

Tahadhari ya mipasuko. Mitego mingi ya pwani hii imefungwa upande mmoja na mpasuko wa ardhi, urithi wa wakati Madagaska ilipotengana na Afrika. Kontua haivuki mpasuko kana kwamba haupo. Simamisha upimaji pale mpasuko ulipo. Na kama kuna mpasuko unaokata katikati, jiulize kama pande mbili zina mpaka mmoja wa maji. Kisima cha upande wa mashariki hakitoi ushahidi juu ya upande wa magharibi.

Umefaulu kama: jibu lako ni dogo waziwazi kuliko eneo mara kimo. Kama yanakaribiana na mtego wako una umbo la kilima, rudi kwenye ramani.

## Hatua ya 3: Tenga mchanga unaofaa

Ndani ya mita 60 za mwamba hifadhi si zote ni mchanga. Kuna matabaka ya udongo mfinyanzi, tope, na mchanga uliosimikwa na kalisaiti hadi ukawa kama zege. Gesi ya kutoka haimo humo.

Soma logi ya miale ya gama. Udongo mfinyanzi una potasiamu, thoriamu na urani nyingi kuliko mchanga safi, hivyo mstari huenda kulia kwenye udongo na kushoto kwenye mchanga. Weka kizingiti cha udongo na kizingiti cha uwazi, jumlisha mita zilizofaulu vyote viwili, gawa kwa unene wote. Kisima chetu kina mita 39 zinazofaa kati ya 60, yaani 0.65.

Mchanga wenye felspa nyingi au glaukonaiti pia una potasiamu, na gama yake itapanda kama ya udongo. Usiutupe kabla ya kuangalia densiti na nyutroni.

Swali zito zaidi ni hili: je, 0.65 ya kisima ni ya mtego mzima? Kwenye bahari ya kina kirefu mchanga ulipita kwenye mifereji. Katikati ya mfereji unaweza kukuta mchanga mtupu, na kwenye kingo zake vikawa vipande vyembamba vya mchanga kati ya tope. Kisima kwa kawaida huchimbwa pale picha ya mitetemo inapong'aa zaidi, na hapo ndipo penye mchanga bora. Ukieneza namba ya kisima kwenye eneo lote unaeneza sehemu nzuri peke yake. Gawa ramani katika mfereji na kingo, kila sehemu ipewe namba yake.

## Hatua ya 4: Uwazi, na jinsi gesi inavyodanganya logi

Kwenye mchanga wenye maji logi ya densiti na ya nyutroni hukubaliana kwa karibu. Kwenye gesi hugombana. Densiti inaona kimiminika chepesi ndani ya vitundu, nasi tukidhani ni maji tunasoma uwazi mkubwa kuliko halisi. Nyutroni inahesabu haidrojeni, na gesi ina haidrojeni chache kwa kila ujazo, hivyo inasoma uwazi mdogo. Mistari miwili inapishana. Ukiona mpishano huo mahali ambapo gama iko chini, umepata gesi.

Chukua mita moja ya kisima chetu. Densiti inasoma 2.22. Kwa mchanga wa kwatsi wenye densiti 2.65, uwazi wa densiti ni (2.65 − 2.22) ÷ (2.65 − 1.00) = 0.26. Nyutroni inasema 0.12. Hakuna aliye sahihi peke yake.

Kanuni inayofaa kwenye gesi ni kipeo cha pili cha kila moja, wastani wake, kisha kipeuo: √((0.26² + 0.12²) ÷ 2) = 0.20.

Aliyetumia densiti pekee ameongeza gesi kwa asilimia 30 bila kujua. Kama una vipande vya mwamba vilivyopimwa maabara, linganisha navyo kabla ya kuendelea.

## Hatua ya 5: Ondoa maji

Vitundu vya mchanga wenye gesi bado vina maji yaliyong'ang'ania chembe za mwamba. Yanachukua nafasi, kwa hiyo yatolewe.

Kanuni ya Archie inatumia ukinzani wa umeme: maji ya chumvi hupitisha umeme, gesi haipitishi. Kwa mchanga safi, kiasi cha maji = √(Rw ÷ (uwazi² × Rt)). Rw ni ukinzani wa maji ya mwamba na Rt ni wa mwamba wenyewe. Kwetu Rw ni 0.07 na Rt ni 20: √(0.07 ÷ (0.04 × 20)) = 0.30. Gesi inachukua 0.70.

Tahadhari. Udongo mfinyanzi nao hupitisha umeme. Kwenye mchanga wenye udongo ukinzani hushuka na Archie atakuambia kuna maji mengi kuliko yaliyopo. Ndiyo njia ambayo tabaka zuri la gesi linaachwa kando. Mchanga ukiwa na udongo wa kutosha, tumia kanuni iliyotengenezwa kwa mchanga wa aina hiyo.

## Hatua ya 6: Bg, mahali gesi inapotofautiana na mafuta

Gesi hubanwa. Ujazo mmoja ulioko karibu kilomita mbili chini ya ardhi utatanuka zaidi ya mara mia moja ukifika juu. Kosa la hapa halina mahali pa kujificha, linapita moja kwa moja hadi kwenye jibu.

Bg = (Ps ÷ Ts) × (Z × T ÷ P)

Ps na Ts ni mgandamizo na joto la kawaida la juu: megapaskali 0.1013 na kelvini 288. P na T ni za kwenye mwamba hifadhi. Z ni sahihisho, kwa kuwa gesi halisi haifuati kanuni ya gesi bora.

Ujazo mwingi wa mtego wetu uko karibu na mita 1,870. Joto: wastani wa juu ni nyuzi 27, ongeza nyuzi 30 kwa kila kilomita, unapata nyuzi 83, yaani kelvini 356. Mgandamizo kutoka kwenye grafu ya hatua ya 1 ni megapaskali 19.2. Gesi ya Songo Songo na ya Mnazi Bay ni kavu, karibu yote ni methani, hivyo chati ya methani inatosha kwa mfano huu: Z ni takriban 0.93.

Bg = (0.1013 ÷ 288) × (0.93 × 356 ÷ 19.2) = 0.00606. Kwa maneno mengine, mita moja ya ujazo ya chini inakuwa mita 165 juu.

Makosa mawili ya kuogopa:

Kutumia selsiasi. Ukiweka 83 na 15 badala ya 356 na 288, mtanuko unakuwa kama 37 badala ya 165. Gesi yako imepungua zaidi ya mara nne kwa sababu ya kipimo tu.

Kuchanganya vina baharini. Hili limewanasa hata watu wazoefu. Mgandamizo huhesabiwa kutoka usawa wa bahari, kwa sababu maji yote ya juu yanakandamiza. Joto huhesabiwa kutoka sakafu ya bahari, kwa sababu maji hayapashi mwamba moto, na kule chini sakafu ina nyuzi chache tu. Chukua mwamba ulio mita 4,500 chini ya usawa wa bahari, kwenye maji ya mita 2,400. Unene wa mashapo ni mita 2,100 tu, na joto ni kama nyuzi 4 + 63 = 67. Anayehesabu kutoka juu ya maji atapata nyuzi 139. Sehemu ya visima vya kina kirefu vya Tanzania iko kwenye maji ya zaidi ya mita 2,000, kwa hiyo swali hili utakutana nalo.

## Hatua ya 7: Zidisha

735 milioni × 0.65 × 0.20 × 0.70 = mita za ujazo milioni 66.9 za gesi ikiwa chini.

× 165 = mita za ujazo bilioni 11 ikiwa juu.

Sekta hii hupenda futi. Mita moja ya ujazo ni futi za ujazo 35.3, kwa hiyo tuna takriban futi za ujazo bilioni 390, au Tcf 0.39 (Tcf moja ni futi za ujazo trilioni moja). Aliyepima pipa kwenye hatua ya 2 angetangaza zaidi ya Tcf 1 kwa mtego huuhuu.

## Hatua ya 8: Toa kiwango, si namba moja

Kila kiasi ulichoingiza kina shaka yake. Andika cha chini, cha kati na cha juu kwa kila kimoja, halafu endesha hesabu maelfu ya mara kwa namba zinazochaguliwa kwa bahati nasibu ndani ya viwango hivyo. Jedwali la kompyuta linatosha kwa kazi hii.

Usizidishe vya chini vyote pamoja ukaita matokeo kadirio la chini. Kama kila kimoja kati ya vitano kina nafasi 1 kati ya 10 ya kuwa chini ya hapo, na havitegemeani, nafasi ya vyote kuwa chini kwa pamoja ni 1 kati ya 100,000. Umeandika bahati mbaya isiyotokea. Ila kumbuka kwamba vingine vinaenda sambamba: mchanga wenye uwazi mkubwa mara nyingi hubeba maji machache, na hesabu yako ilijue hilo.

Kisha angalia ni kipi kinachotikisa jibu zaidi. Mara nyingi ni ujazo wa mwamba na mpaka wa maji, si uwazi. Basi tumia siku zako kwenye ramani badala ya kutafuta tarakimu ya tatu ya uwazi.

## Hatua ya 9: Tenganisha iliyomo na itakayotoka

Gesi iliyomo haitoki yote. Mtego unaotoa kwa kupungua mgandamizo wake wenyewe, wenye mchanga mzuri, unaweza kutoa asilimia 70 hadi 90. Maji yakiingia kwa nguvu kutoka chini yanazingira gesi kwenye vitundu na kuiacha humo, na sehemu inayopatikana inashuka. Mipasuko inayokata mtego vipande nayo inaacha gesi kwenye vyumba ambavyo hakuna kisima kilichofika.

Kwa asilimia 70 mtego wetu unatoa futi za ujazo bilioni 273, na hiyo ni kabla ya kuuliza kama kuna bomba, kiwanda cha kuchakata au mnunuzi. Takwimu ya Tcf 57.54 inayotajwa mara kwa mara kuhusu Tanzania ni ya gesi iliyomo. Nimeisoma mara nyingi ikigawanywa kwa matumizi ya mwaka ili kupata miaka ambayo gesi itadumu. Hesabu hiyo inahitaji hatua hii ya 9 kwanza, kwa kila mtego na mwamba wake.

Ukiandika matokeo, yaandike hivi: "Gesi iliyomo: bilioni 390, kadirio la kati, mpaka wa maji umethibitishwa kwa mgandamizo, upande wa magharibi wa mpasuko haujahesabiwa." Atakayekuja baada yako akiwa na kisima kipya atajua ni namba ipi ya kubadilisha.